Watoto wa Mvua

Nilipokuwa mtoto pale Kakuma, niliwahi kuwalisha viluwiluwi wa mbu ugali kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikiwachagulia ule laini wa katikati ya sufuria. Cheka tu, usijizuie. Wenzako walishanicheka zamani, na kicheko chao ndicho kilichofanya leo wanafunzi wangu hapa Lodwar waniite Mwalimu Regina, badala ya jina nililopewa na bibi yangu siku niliyozaliwa.

Jina hilo ni Nakiru. Kwa Kiturkana, akiru ni mvua, na msichana akizaliwa mvua inanyesha huitwa Nakiru, hakuna mjadala. Kwetu mvua si jambo la kila wiki kama kule Kitale. Inaweza kutusahau mwaka mzima na zaidi, mbuzi wakabaki ngozi na pembe, kisha ije yote siku moja na kubeba daraja. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa mvuani ana heshima yake. Wingu likionekana upande wa milimani, bibi yangu, ambaye sisi tulimwita Ata, alikuwa akisema, "Mtoeni Nakiru nje, mwenzake amwone." Nami natoka, kifua mbele, shanga shingoni, nasimama uani peke yangu huku watoto wengine wakinionea wivu. Nilikuwa mtoto mwenye maringo, sikatai.

Mwaka wa mvua ile kubwa, ile ya miaka ya tisini ambayo kila mtu wa Turkana mwenye umri wangu anaikumbuka, nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa amehamisha mifugo upande wa Namoruputh. Nyumbani tulibaki Ata, Mama, mimi, na mdogo wangu Ewoi, ambaye alikuwa ameanza tu kukimbia vizuri na kuniibia kila kitu changu. Mama alikuwa akiuza kuni kambini kwa wakimbizi. Alikuwa mtu wa Lodwar, amezaliwa mjini karibu na ukuta wa hospitali, na Ata hakukosa kumkumbusha jambo hilo kila alipounguza mboga.

Mvua ilipoanza tulicheza. Ilipoendelea tukanyamaza. Laga ya Tarach, ule mto wa msimu, ilijaa ikavuka kingo, kuni za Mama zikachukuliwa zote, na siku moja alfajiri maji yakaingia ndani ya kibanda chetu cha makuti ya mkoma na kulowesha unga. Mama akatoka na gunia mikononi, unga unachuruzika kama uji, akatazama juu na kusema kwa sauti, "Mvua gani hii isiyo na adabu! Si iende zake!"

Ata alikuwa amejikunyata mlangoni. Kwetu Mungu na mvua wanakaa boma moja, na hata leo utawasikia wazee wakimtaja Akuj huku wakitazama mawingu. Nilimwona Ata akishika mdomo wake kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

"Umemfukuza nani?" akamuuliza Mama.

"Nimechoka tu, Mama. Nimesema vibaya."

"Huyo ni mgeni," Ata akasema. "Na mgeni huyu ukimfukuza, haondoki mikono mitupu."

Mvua ikakatika siku zile zile. Madimbwi yakabaki kila mahali, kwenye nyayo za ngamia, kwenye alama za matairi ya malori ya msaada, na kuzunguka bomba tulipoteka maji. Nchi ikageuka kijani kwa namna ambayo ilitutia wazimu wa furaha, mbu wakawa wengi hata tukala chakula tukijipiga makofi, na Ewoi akashikwa na homa.

Ilianza kwa baridi. Mtoto alitetemeka kwenye jua la Kakuma, jua ambalo hata mjusi hulikimbia! Kisha akawaka moto, kisha akatoka jasho akataka kula, tukasema amepona. Kesho yake ikarudi. Majirani walikuja kumwangalia, wakamwangalia Mama pia. Maneno ya Mama kwa mvua yalikuwa yameshafika kila boma, maana vibanda vya makuti havifichi siri, na wanawake wakasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia kuwa mdomo umeponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe ni cha mtoto.

Mama alinunua klorokwini dukani. Nani wa rika langu amesahau uchungu ule? Ewoi alitapika kidonge cha kwanza, akameza cha pili, na baadaye akaanza kujikuna. Alijikuna mikono, tumbo na nyayo, akilia kwamba kuna kitu kinatembea ndani ya ngozi. Siku hizi najua kuwa ile dawa iliwasha watu wengi, weusi hasa, na haikuwa ajabu. Ata hakujua. Akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa Ewoi, akakiacha hapo kitambo.

"Ni mvua," akasema. "Inatembea juu yake. Vidonge vinaikasirisha."

Vidonge vikasimamishwa. Mama hakubisha, na hapo ndipo palipo na fundo langu, nitalirudia.

Basi Ata akaanza kumtuliza mgeni aliyefukuzwa. Sijui kama hii ni mila ya Waturkana wote au ni ya bibi yangu tu, sijawahi kusikia mwingine akiifanya. Alichukua debe la mafuta ya msaada lililokatwa nusu, akaenda mwenyewe kuteka maji ya mvua kwenye korongo nyuma ya boma, akalitua karibu na kichwa cha Ewoi. Akalipaka ukingoni udongo mwekundu, ule ule aliompaka mtoto kifuani. Halikufunikwa. Mgeni, alisema, hafunikwi kama mabaki ya chakula. Mvua ilikaribishwa upya ndani ya nyumba, ikalazwa karibu na mtoto iliyemkasirikia, ili wapatane.

Na mlinzi wa debe nikawa mimi. Nani mwingine? Nakiru, mwenzake.

Baada ya siku kadhaa niliona vitu vidogo ndani ya maji. Vilikuwa vyembamba, vyeusi-vyeusi, vinaning'inia vichwa chini na mikia juu, kama popo darini. Nikigonga bati vinashuka vyote kwa kujinyonganyonga, kisha vinapanda tena polepole. Nilipiga kelele nikamwita Ata. Alikuja, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Halafu, loo, bibi yangu akacheka! Hakuwa amecheka tangu Ewoi augue.

"Imezaa," akasema. "Mvua imezaa kwetu. Mgeni hazai katika nyumba asiyoipenda." Akanishika kidevu. "Hawa ni ndugu zako, Nakiru. Usiwaache na njaa."

Ndiyo nikawalisha. Nilikuwa nikirudi kutoka shule nakimbilia debe kabla sijavua sare. Nilivunja ugali wa mahindi ya njano ukawa chembe, nikaudondosha, nikawaona wakiukusanyikia. Wawili watatu niliwapa majina. Ewoi, kwenye saa zake za nafuu, aliinuliwa naye akawaangalia, akachovya kidole, akacheka kwa meno yake madogo. Tulikuwa na furaha pale kando ya debe, hilo pia ni kweli, na sitaki kulificha.

Mama alilizunguka lile debe kama mtu anayezunguka nyoka. Siku moja nilimwona ameinama, mikono yake miwili imeshika ukingo, anataka kulinyanyua. Ata akakohoa kutoka mlangoni. Mama akaachia, akajifanya anaokota kijiko.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza. Akaniambia kwamba alijua. Kule Lodwar, karibu na ukuta wa hospitali, alikuwa amesikia tangu utotoni kuwa homa ile inaletwa na mbu na mbu wanatoka majini. "Lakini ningesema nini?" akaniuliza. "Mimi ndiye mwenye mdomo. Nimeitukana mvua, mtoto ameugua. Halafu nimwage na maji yake? Mtoto akifa wangesema nini?" Aliniambia hayo akipepeta mchele, bila kunitazama. Aibu ndiyo iliyomfunga. Tunasema malaria inaua, na inaua kweli, lakini nyumbani kwetu ilipata msaidizi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Ewoi amekakamaa juu ya ngozi, macho yamepinduka, mguu mmoja unapiga chini na kutulia, unapiga na kutulia. Mama amempakata. Ata anamnyunyizia maji ya debe usoni. Wakati huo huo mtu akaita kutoka nje, "Ejok! Ejok, mama ya kuni!"

Alikuwa Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mteja wa Mama. Alikuwa mwanamke mrefu ajabu, mwenye mistari ya chale kwenye paji la uso, aliyekuja kuuliza kwa nini kuni hazimfikii. Hakuitikiwa salamu. Akainama akaingia, akamwona Ewoi, akauliza neno moja tu.

"Lini?"

"Sasa hivi," Mama akasema. "Na asubuhi kidogo."

"Na unakaa?" Mama Achol akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa Mama bila ruhusa. "Hii malaria imepanda kichwa! Mimi nilizika moja hivi hivi, njiani. Yalla, twende! Twende, mama!"

Akatoka akikimbia na mdogo wangu begani, miguu yake mirefu ikiruka madimbwi, Mama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama. Tulivuka laga, matope hadi magotini. Nilipogeuka nilimwona Ata anakuja. Amebeba debe kichwani. Mzee yule, na magoti yake yale, alikuwa ameona kwamba mtoto anapelekwa mbali na mvua yake, na akaamua kuileta.

Hospitali ya kambini ilikuwa imefurika. Watu walijaa kwenye mabenchi, chini ya mabenchi, nje kwenye turubai, wenyeji na wakimbizi, kila mmoja na mtoto wake anayewaka. Ewoi alichukuliwa mara moja. Walimchoma kidole, wakaitazama damu yake, na tabibu mmoja, kijana aliyechoka macho, akatoka kumwambia Mama kwamba damu imejaa vijidudu na imebaki kidogo sana, wanamwekea dripu ya kwinini, aombe Mungu. Akamvuta Mama hadi ndani, akalinganisha kiganja chake na cha Ewoi. Cha Ewoi kilikuwa cheupe kama karatasi.

Hapo ndipo Ata alipofika. Akatua debe katikati ya watu, akihema, udongo mwekundu umemchirizikia usoni na jasho.

"Hii maji ni ya nini?" tabibu akauliza. "Ya kunywa?"

Ata hakujua Kiswahili. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa hiyo nikasimama mimi, msomi wa darasa la tatu, nikajibu kwa sauti ya kwaya ya shule.

"Si ya kunywa! Ni ya watoto wa mvua. Ni ndugu zangu, mimi ndiye nawalisha ugali!"

Tabibu akachungulia. Kisha mtu kwenye benchi naye akachungulia, akasema, "Haki ya Mungu, wanafuga mbu!"

Walicheka. Usiwalaumu sana, walikuwa watu wenye hofu ambao hawakuwa wamecheka siku nyingi. Lakini walicheka, benchi hadi benchi, Kiturkana, Kisomali, Kiarabu cha Juba, kila lugha ikipokea habari na kucheka upya. Walikuwamo watoto wa shule yetu wamekuja na mama zao. Mmoja akaniita, "Dada ya mbu!" na nikajua papo hapo kwamba jina hilo limeshafika shuleni kabla yangu.

"Wanacheka nini?" Ata akamuuliza Mama. "Mtoto amepona?"

Ilibidi Mama amtafsirie. Mkwe amwambie mama wa mumewe, mbele za watu, kwamba wanasema yale yaliyo ndani ya debe ni mbu, na mbu ndio walioleta homa. Alisema polepole, kwa upole wote aliokuwa nao, na kila neno lilikuwa likimwondolea yeye lawama na kumtwika mzee. Sijawahi kumwona mtu akisafishwa jina lake huku akitamani ardhi immeze.

Tabibu hakungoja. Alilinyanyua debe, akalimwaga mchangani nje ya mlango. Ndugu zangu wakabaki pale wakijinyonganyonga juani. Na Ata akapiga magoti, akaanza kuwazoa kwa viganja, mchanga na maji pamoja, akisema kitu ambacho sikukielewa, hadi maji yote yakanywewa na mchanga. Wahenga walishasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimeona mtu akijaribu.

Mama Achol peke yake hakucheka. Alikwenda akachuchumaa karibu naye, akamshika mikono yenye matope. "Malesh, haboba," akamwambia kwa lugha yake, "pole, bibi. Malesh." Ata akajifunika uso kwa shuka. Nami je? Nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo, nikiombea wasijue kuwa yule mwanamke ni wetu.

Ewoi aliishi. Alilala kule hospitalini muda mrefu, na alipofumbua macho Mama alimwita, hakugeuka. Akamwita tena. Tulidhani ni usingizi. Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa na la pili limebaki nusu. Huenda ni ugonjwa, walisema, huenda ni dawa, lakini bila dawa asingekuwepo. Mgeni hakuondoka mikono mitupu. Onyo la Ata lilitimia, na yeye mwenyewe hakulitaja tena kamwe.

Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi kuliko kulitaja. Mvua nyingine ilipokuja, Ata hakutoka. Hakusema "mtoeni Nakiru." Aliingia kibandani, akageukia ukuta, akajifunika shuka hadi kichwani mpaka ikakatika. Alifanya hivyo kila mvua, miaka yote aliyobakiza. Hebu fikiria Mturkana mzee anaionea mvua haya! Mimi nami nilikwishaacha jina. Nilipobatizwa nilichukua Regina kwa mikono miwili, nikamkasirikia kila aliyeniita lile la kwanza. Ata akafa wakati wa kiangazi, akiwa ameshazoea kuniita "wewe msichana."

Sasa ngoja nikwambie kilichonikuta hapa Lodwar, nikiwa mwalimu mzima na chaki mkononi. Alikuja afisa wa afya kufundisha watoto juu ya malaria. Alikuwa na chupa mbili za maji kutoka madimbwi tofauti, akaziweka juu ya meza yangu. "Tazameni," akasema. "Hawa wanaoning'inia vichwa chini, mikia juu, ni mbu wa kelele. Wanauma na kuudhi, lakini malaria hii yetu si wao. Wale wa malaria ni hawa wa pili. Hawaning'inii. Wanalala bapa juu ya maji, kama kijiti. Hupenda maji ya wazi yenye jua. Kwenye alama za kwato. Kwenye alama za matairi. Kwenye madimbwi ya bomba."

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, mwalimu, na watoto wamwage maji yote hata hivyo, wasichague. Ni kweli, wasichague. Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kisha nikatoka nje ya darasa langu mwenyewe nikasimama nyuma ya choo.

Vichwa chini, mikia juu. Niliwalisha kila siku, nitakosaje kukumbuka? Na nilikumbuka pia nyayo za ngamia, na lile dimbwi la bomba ambako wote walioketi kwenye mabenchi yale walikuwa wakiteka maji na kupunga upepo wa jioni, na wale vijiti wadogo waliolala juu yake ambao hakuna aliyewapa jina. Ata alikosea kuzuia dawa. Hilo lilikaribia kumuua mdogo wangu na siwezi kulipunguza. Lakini mzigo aliougeukia ukutani, ule wa kulea mauti kwenye debe na kuipa ugali, haukuwa wake. Aliubeba hadi kaburini, na mimi niliyejua walivyoning'inia sikujua nilichokuwa nakijua.

Nilidhani aibu ingeondoka siku ile. Haikuondoka, ilihama tu. Zamani nilimwonea haya Ata. Siku hizi najionea haya mimi niliyekuwa nyuma ya nguzo.

Ewoi anabeba samaki kwa lori kutoka Kalokol, na akifika Lodwar hulala kwangu. Anaongea kwa sauti ya mtu aliyeko ng'ambo ya laga, maana hasikii vizuri sauti yake mwenyewe. Hajawahi kuniita Regina hata mara moja. Nadhani hakuna aliyemwambia kwa nguvu ya kutosha kwamba jina lilibadilika. Sokoni, kanisani, mbele ya mwalimu mkuu, ni "Nakiru!" tu, watu wanageuka, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimfinya anyamaze.

Juzi nilikuwa jikoni nikasikia matone kwenye mabati, machache, makubwa. Ewoi alikuwa uani akipanga makreti. Hawezi kuyasikia matone, aliyaona mchangani. Akapaza ile sauti yake mtaa mzima usikie, neno moja, na kwa ulimi wake ule mzito sikuweza kujua kama ni akiru au Nakiru, kama anaitaja mvua au ananiita mimi.

Nilifuta mikono, nikatoka nje kichwa wazi, nikaitika.